Mshipa wa Damu Si Bomba

Katika madarasa mengi ya baiolojia, ugonjwa wa mishipa ya moyo hufundishwa kwa mfano wa bomba la maji. Mwalimu huchora bomba ubaoni, akalitia kutu ndani, kisha akaeleza kuwa kutu ikizidi maji hukatika, na damu vivyo hivyo. Mfano huu ni mwepesi kushika, nao umedumu kwa sababu hiyo. Ubaya wake ni kwamba si wa kweli. Tena kosa hilo halikuwa la shuleni peke yake, kwani hata matabibu wa moyo kwa miaka mingi waliitazama mishipa ya wagonjwa wao kana kwamba ni mabomba.

Chanzo cha mazoea hayo ni picha ya eksirei. Mwaka 1958 Mason Sones, daktari wa Cleveland nchini Marekani, aligundua, karibu kwa bahati, kwamba dawa inayozuia miale ya eksirei yaweza kumiminwa moja kwa moja ndani ya ateri zinazolisha moyo bila kumwua mgonjwa. Tangu hapo picha hiyo ikawa ndiyo hukumu: palipobanana pana ugonjwa, palipo wazi pana uzima. Lakini picha hiyo ni kivuli cha dawa iliyochanganyika na damu. Yaonyesha njia ipitayo damu. Ukuta wa ateri wenyewe hauonekani. Atazamaye kivuli hicho ni kama mtu aliyepewa kipimo cha shimo la kinu akaulizwa unene wa kinu chenyewe.

Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walichapisha uchunguzi wa ateri za mioyo 136 ya watu waliokwisha kufa. Waliona jambo ambalo bomba haliwezi kulifanya. Utandu wa mafuta unapoanza kujengeka ndani ya ukuta, ateri hutanuka kuelekea nje, na njia ya damu hubaki na upana wake. Hali hiyo huendelea mpaka utandu ufikie kiasi cha asilimia 40 ya eneo lililo ndani ya ukuta. Baada ya hapo ndipo njia inapoanza kusongwa. Kwa maneno mengine, mtu aweza kupigwa picha ya eksirei, akaambiwa mishipa yake ni mizima, na huku ugonjwa umekwisha kujijenga kwa miaka mingi.

Ili kuuona ukuta ilihitajika njia nyingine, nayo ni mwangwi. Wanafunzi wanaolalamika kuwa somo la mawimbi ni la kukariri tu wangefaidika kulitazama jambo hili kwa makini. Sauti husafiri katika nyama laini za mwili kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Altrasaundi ya kawaida ya kupima tumbo hutumia mitetemo milioni 3.5 kwa sekunde. Gawanya kasi kwa mitetemo, urefu wa wimbi unakuwa milimita 0.44. Wimbi la urefu huo halifai kuchunguza kwa undani ukuta ambao unene wake wote ni sehemu ya milimita. Mitetemo ikipandishwa hadi milioni 40, urefu wa wimbi hushuka chini ya milimita 0.04. Hapo picha hupata makali, lakini kwa gharama: mawimbi mafupi namna hiyo hunywewa upesi na mwili, hata hayafiki mbali zaidi ya milimita chache. Hayawezi kupigwa kutoka kifuani yakaufikia moyo. Basi ikabidi chanzo cha sauti kipelekwe ndani ya mshipa wenyewe.

Mwaka 1972 Nicolaas Bom na wenzake wa Rotterdam, Uholanzi, walieleza katheta, yaani mrija mwembamba wa kupenyezwa mshipani, yenye vipande 32 vya kutoa na kupokea sauti vilivyopangwa duara kwenye ncha yake. Kipenyo chake kilikuwa milimita 3 hivi, nayo ilikusudiwa kutazama vyumba vya moyo. Ateri ya moyo ina upana wa milimita 3 au 4 mahali pake pakubwa. Chombo hicho kingeiziba. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano, na kazi ya watu wengi, miongoni mwao Paul Yock wa Marekani, kukipunguza hadi milimita 1 hivi. Katika aina moja ya katheta hizo, kipande kimoja tu huzungushwa mara 30 kila sekunde, na mwangwi wa kitu kilicho umbali wa milimita 3 hurudi baada ya sehemu 4 hivi za milioni za sekunde. Mashine huuvuta mrija nyuma polepole, nusu milimita kwa sekunde, na kila mzunguko hutoa picha ya mshipa kama ulivyokatwa kwa kisu: njia, utandu, na ukuta wa nje. Chokaa hung'aa sana na kuacha giza nyuma yake.

Aliyedhani hayo ni ya kushibisha udadisi tu alisahihishwa huko Milano mwaka 1995. Wakati huo stenti, vimrija vya wavu wa chuma vinavyotanuliwa kwa puto ili kuiweka ateri wazi, zilikuwa zikiganda damu mara kwa mara, na wagonjwa walinyweshwa dawa kali za kuzuia kuganda, ambazo nazo ziliwatoa damu. Antonio Colombo na wenzake walizitazama stenti kwa mwangwi wakakuta kuwa nyingi zilizoonekana nzuri katika eksirei hazikuwa zimetanuka barabara. Stenti iliyokusudiwa kufika milimita 3 ikiishia 2.5 imepoteza karibu theluthi ya eneo lake. Walizitanua kwa nguvu zaidi, wakaacha zile dawa kali, na waliogandwa na damu wakawa wachache sana.

Hoja inayotolewa dhidi ya chombo hiki ni bei. Kila katheta hutumika kwa mgonjwa mmoja, tena hununuliwa kwa fedha za kigeni. Na ni kweli kwamba fedha hizo zingewatibu watu wengi wenye shinikizo la damu kabla hawajafika kwenye stenti. Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hajui hali ya hospitali. Lakini haimhusu mgonjwa ambaye stenti imekwisha kuamuliwa. Katika jaribio lililofanyika China, likatangazwa mwaka 2018, wagonjwa 1,448 waligawanywa kwa kura. Katika miezi 12, waliokufa kwa moyo, kushambuliwa tena katika mshipa uleule au kulazimika kuutibu upya walikuwa asilimia 2.9 kwa waliopimwa kwa mwangwi, na 5.4 kwa wasiopimwa. Mwaka 2024 wataalamu wa moyo wa Ulaya waliupa upimaji wa ndani ya mshipa daraja la juu kabisa la mapendekezo yao kwa ateri zenye matatizo makubwa, kama vile shina kuu la kushoto na sehemu ndefu zilizougua.

Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe Dar es Salaam mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wamekuwa wakitibiwa nyumbani. Kadiri vyumba vya namna hiyo vinavyoongezeka Afrika ya Mashariki, wenye kupanga bajeti hawana budi kukihesabu kipimo hiki pamoja na stenti, si kukiweka kando kama pambo. Si kwa kila mgonjwa. Lakini kwa wale wenye ateri ngumu, kuweka chuma bila kupima ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Na mwangwi hauna faida kwa asiyejua kuusoma: mafunzo ya wasomaji ndiyo yatakayochukua muda mrefu zaidi kuliko ununuzi.

Shuleni, kazi ni rahisi zaidi. Mwalimu afute lile bomba, achore duara lenye kipenyo cha milimita 3, kisha jingine la milimita 3.8 kulizunguka, awaulize wanafunzi ni sehemu gani ya duara kubwa iliyochukuliwa na utandu. Jibu ni karibu asilimia 38, na kivuli cha eksirei cha mshipa huo hakitaonyesha dosari yoyote.