Pawa stelingi kwenye magari ya zamani si anasa, ila isifungwe kiholela

MSIMU wa mavuno unapowadia katika uwanda wa juu wa Ufipa, magari yaliyokuwa yamelala chini ya miti tangu masika huamshwa. Land Rover 109, Land Cruiser za miaka ya 1970 na malori madogo ya umri huo huingia mashambani kubeba mahindi, maharage, ulezi na alizeti kwenda Sumbawanga mjini.

Kwingineko magari ya aina hiyo yamekuwa kumbukumbu. Oktoba 2024, Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya mamia kwa mamia ya magari hayo, mengine yakiwa yameng'arishwa kama vyombo vya harusi. Mkoani Rukwa gari kuukuu halijastaafu. Bado ni mtaji, na kwa familia nyingine ndilo gari pekee la kufikisha mazao sokoni.

Sababu za kubaki na gari la zamani zinaeleweka. Chasisi yake ni imara, spea zake zinajulikana, na fundi wa kijijini analifungua bila kuhitaji kompyuta. Aidha, anayetaka kuagiza gari lililotumika nje ya nchi hukuta ushuru wa ziada unaotozwa kwa magari yenye umri mkubwa. Wengi hukokotoa hesabu, kisha huamua kulifufua lililopo.

Kero kubwa ya magari hayo ni usukani mzito. Land Rover za Series I hadi Series III, zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, zilikuwa na usukani wa nguvu ya mikono. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilianza kupatikana na pawa stelingi mwishoni mwa miaka ya 1970, tena si zote.

Uzito huo si suala la starehe. Dereva anayepita kwenye makorongo ya matope, au anayegeuza gari mbele ya ghala lenye nafasi finyu, humaliza siku akiwa na mabega yanayouma. Mzee aliyenunua gari lake akiwa kijana hulazimika kuajiri dereva, si kwa sababu hajui kuendesha bali kwa sababu mikono haina tena nguvu za zamani. Gharama hiyo inatoka kwenye gunia lile lile la mahindi.

Kwa hiyo mmiliki anayeamua kuongeza pawa stelingi kwenye gari la zamani hapaswi kubezwa kuwa anatafuta anasa. Hata teknolojia hiyo yenyewe ilitokana na adha ya magari ya mizigo. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, alifanya kazi kwenye kampuni ya Pierce-Arrow, akaona jinsi malori yalivyokuwa magumu kukata kona, na mwaka 1926 akafanikiwa kuendesha gari lenye usukani unaosaidiwa na presha ya oili. Ilipofika 1951, kampuni ya Chrysler ndiyo iliyoanza kuuza magari madogo yenye mfumo huo.

Hata hivyo, kuna jambo linalosahaulika katika gereji nyingi. Usukani mzito si lazima uwe unadai pawa. Mara nyingi unadai grisi, oili na upepo wa tairi.

Land Rover za zamani zina kifaa kilichochomekwa ndani ya chasisi mbele ya rejeta, ambacho mafundi hukiita rilei. Kazi yake ni kupokea nguvu kutoka kwenye boksi la stelingi na kuipeleka kwenye magurudumu. Kwa kuwa kimejificha, hupita miaka bila mtu kukiongeza oili. Kikikauka na kushika kutu, usukani huwa mzito kiasi cha dereva kudhani gari lote limechoka.

Vivyo hivyo kwa boksi la stelingi lililokauka, ncha za tairodi zilizokosa grisi, na tairi za mbele zenye upepo pungufu. Wapo pia waliovua tairi nyembamba za 7.50-16 zilizokusudiwa kwa gari hilo na kufunga tairi pana za kisasa. Tairi pana hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, hivyo huhitaji nguvu zaidi kugeuzwa gari likiwa limesimama.

Ikumbukwe kuwa pawa stelingi haiponyi ubovu huo, bali inauficha. Ncha ya tairodi iliyokwisha kulegea hulia na kuchezesha usukani wa mikono, na dereva huisikia. Ikishasukumwa na presha ya pampu, dereva haisikii tena mpaka siku itakapochomoka. Ndiyo maana ukaguzi wa sehemu za chini unapaswa kutangulia ununuzi wa pampu, wala si kufuata baadaye.

Mfumo wenyewe si wa ajabu. Mkanda wa injini huzungusha pampu, pampu husukuma oili kwa presha kubwa, na vali iliyo ndani ya boksi huielekeza oili hiyo upande ambao dereva anakunja. Presha ndani ya hozi inaweza kupita mara 30 ya presha ya tairi la gari dogo. Kwa sababu hiyo, hozi ya maji iliyokazwa kwa klipu haiwezi kuwa mbadala. Ikipasuka karibu na bomba la moshi lenye moto, oili inaweza kuwaka.

Anayetaka kuongeza mfumo huo huanza kwa kutafuta boksi linalooana na gari lake. Kwa Land Rover, mafundi duniani hutumia boksi la Range Rover ya zamani au la One Ten. Kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 40, boksi la mfululizo wa 60 limetumika sana. Lazima liwe la gari lenye usukani wa kulia. Boksi la gari la usukani wa kushoto, kama yanayotumika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, halifai kufungwa hivi hivi hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Pampu nayo ifanane na boksi. Pampu dhaifu huacha usukani ukiwa mzito injini inapozunguka polepole. Pampu yenye nguvu kupita kiasi huufanya usukani uwe mwepesi mno, na gari huyumba barabarani kwa kuguswa kidogo tu. Kwa magari yaliyobadilishiwa injini kazi huwa rahisi zaidi iwapo injini ilikuja na pampu yake.

Sehemu inayohitaji umakini kuliko zote ni pale boksi linaposhikwa na chasisi. Boksi la pawa huisukuma chasisi kwa nguvu kubwa kuliko boksi la awali. Kuchomelea kipande cha chuma juu ya chasisi yenye kutu ni kualika ufa. Fundi makini huongeza bamba la chuma, hupitisha bolti ndani ya bushi za bomba ili chasisi isibonyee zinapokazwa, na hurudi kukagua baada ya gari kutembea siku chache.

Kwa magari ambayo tayari yana pawa stelingi, tatizo la kawaida ni kuvuja. Wamiliki wengi huzoea kuongeza oili kila wiki na kuamini wametengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ikipungua, upepo huingia, pampu hulia, kisha husagika, na vipande vyake vya chuma husafiri hadi kwenye boksi. Sili iliyokuwa ya bei ndogo huzaa gharama ya kununua mfumo mzima.

Kubadilisha sili peke yake nako hakutoshi ikiwa shafti imeliwa. Sili mpya kwenye shafti yenye mikwaruzo itavuja tena mapema. Shafti ipelekwe kwa mkerezaji ikatazamwe kwanza. Na kamwe oili ya breki isitumike kujazia pawa stelingi, kwa kuwa huharibu sili zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya aina nyingine.

Baada ya kazi, upepo utolewe kwa kuinua magurudumu ya mbele na kukunja usukani taratibu kila upande injini ikiwa imezimwa, huku oili ikiongezwa. Alaimenti ifanyike. Dereva naye aelezwe asishikilie usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwani oili huchemka na pampu huumia.

Yote hayo yana uzito wa pekee kwa Ufipa kwa sababu ya jiografia yake. Sumbawanga ipo takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa lipo takribani mita 800. Gari linalotoka Ntendo kwenda Muze kufuata mpunga wa bondeni hushuka safu ya Lyamba lya Mfipa yenye miteremko mikali na kona nyingi. Huko usukani hausamehe.

Upo mtindo wa baadhi ya madereva kuzima injini au kuweka gia huru mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kwa gari la usukani wa mikono, kuzima injini ni hatari kwa breki, ila usukani hubaki vile vile. Kwa gari lililoongezwa pawa stelingi, injini ikizimika pampu husimama. Magurudumu bado yanatii, lakini usukani hugeuka mzito ghafla, na mara nyingi huwa mzito kuliko boksi la zamani, kwa kuwa boksi la pawa limeundwa kukunja kwa mizunguko michache.

Dereva aliyezoea gari lake kwa miaka 20 anaweza kukutana na badiliko hilo katikati ya kona, gari likiwa na mzigo na abiria juu yake. Hapo hana nafasi ya kujifunza. Fundi anayekabidhi gari bila kumweleza dereva jambo hili amefanya nusu ya kazi, hata kama bolti zake zote zimekaza.

Rai ya kwanza ni kwa wamiliki. Kabla ya kutoa fedha wadai makadirio ya maandishi yanayotaja boksi, pampu, hozi, oili, uchomeleaji na alaimenti. Spea iliyotumika inunuliwe kwa makubaliano ya kurudishwa ikivuja. Ulinganisho ufanywe kati ya gharama hiyo na siku ambazo gari hulala, tairi zinazolika upande mmoja na mshahara wa dereva wa kukodi. Ikiwa gari linafanya safari chache kwa mwaka, huenda grisi na ncha mpya za tairodi zinatosha.

Rai ya pili ni kwa VETA na SIDO, taasisi zenye jukumu la kuendeleza ufundi na viwanda vidogo. Mafunzo ya muda mfupi ya mifumo ya presha ya oili yangewafaa mafundi walio kazini, ambao hawawezi kufunga gereji mwaka mzima. Ujuzi huo huo hutengeneza trekta. Mashine ya kubana ncha za hozi na mkerezaji mzuri vikipatikana karibu, mkulima hatalazimika kusubiri spea kutoka Mbeya au Dar es Salaam huku mahindi yakinyeshewa.

Rai ya tatu ni kwa Polisi wa Usalama Barabarani. Ukaguzi wa magari usiishie kwenye taa na stika. Gari lililobadilishwa usukani lilazwe macho chini ya chasisi, bolti zitikiswe, hozi zitazamwe. Lengo lisiwe kumkamata mwenye gari la zamani kwa kosa la kuwa nalo, bali kumrudisha gereji kabla hajaushika mteremko.

Magari hayo yamebeba mavuno ya Ufipa kwa muda mrefu, na mengine yataendelea kuyabeba. Yanastahili usukani mwepesi. Lakini rahisi ni ghali, na kwenye kona za Lyamba lya Mfipa gharama hiyo hailipwi kwa shilingi.