Geuzeni Kamera

Yeyote anayekuja Malindi kutengeneza filamu ya vifo vya msitu wa Shakahola asianze na Paul Mackenzie, mhubiri ambaye wafuasi wake walikufa njaa humo. Uso wake tumeuona hadi tukachoka. Aanze na wazazi waliofika hospitalini Malindi tangu Aprili 2023, wengine kutoka magharibi mwa Kenya, wakatoa sampuli za DNA, wakaambiwa wakangoje nyumbani.

Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni mle, mingi ya watoto. Mochari ikafurika, yakaletwa makontena ya baridi. Familia za kwanza zilikabidhiwa maiti wao Machi 2024. Karibu mwaka mzima mtu ana msiba na hana wa kuzika! Matanga atayaketi vipi? Atayaanua lini? Majirani watampa pole gani, na yeye kila akisikia hodi anadhani ni mwanawe?

Sinema zimetuzoesha mzazi anayepiga ukemi mara moja, mvua ikanyesha makaburini, piano ikalia, na filamu haijaisha ameshapoa. Uongo! Na uongo huo unaumiza watu, maana mfiwa akizidisha miezi kadhaa tunamwambia ajikaze, kana kwamba kilio kina tarehe ya mwisho.

Kenneth Lonergan alikataa uongo huo katika Manchester by the Sea (2016). Baba aliyepoteza watoto 3 motoni haponi hadi filamu inakwisha. Humo pia ardhi imeganda, maiti ya ndugu yake inahifadhiwa kwenye baridi hadi itakapozikika. Siku moja mtoto wa marehemu anafungua friza ya nyumbani, kuku aliyeganda anaanguka, na kijana anavunjika palepale. Aliyengoja mochari ya Malindi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Nasi Wakenya tunaweza. Katika Supa Modo (2018), Likarion Wainaina alionyesha mama anayejua bintiye anakufa, na kijiji kizima kikiubeba mzigo pamoja naye. Msiba wetu ndivyo ulivyo, haufungiwi chumbani na watu wawili.

Lakini nani atathubutu kumwonyesha bibi ambaye bintiye aliingia Shakahola na wajukuu, wasirudi? Anamlilia binti huyo, na huyo huyo ndiye aliyewapeleka watoto kufa njaa. Amkasirikie vipi maiti wake mwenyewe? Hiyo ndiyo filamu. Na kabla ya kuwasha kamera mbele yake, mwulizeni kama amekwisha kupewa wajukuu zake awazike. Kama bado, wekeni kamera chini, mfuatane naye hospitalini mkaulize wako wapi.