Vitate vya Kiingereza Katika Madarasa ya Naivasha

Yapo mazoea katika shule zetu za msingi ya kuyachukulia matatizo ya tahajia ya Kiingereza kuwa mzigo wa mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwanafunzi wa gredi ya tano au ya sita hupewa orodha ya maneno yanayotatanisha, "their" na "there", "its" na "it's", akaambiwa ayakariri hadi siku ya imla. Orodha hiyo si mbaya, ila imetungwa kwa sikio la Mwingereza.

Tuichukue Naivasha. Mashamba ya maua yaliyolizunguka ziwa yamewavuta wafanyakazi kutoka pembe nyingi za nchi, hivi kwamba katika darasa moja la Karagita waweza kuwakuta watoto wa Wagikuyu, Waluo, Waluhya na Wamaasai, lugha yao ya uwanjani ikiwa Kiswahili. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Mtoto huyu basi hana budi kuzibana zile 20 ndani ya 5: "live" na "leave" huwa kwake neno moja, "hat", "hut" na "heart" vivyo hivyo. Kwa Mwingereza maneno haya hayatatanishi hata kidogo, na ndiyo maana aghalabu hayamo katika orodha tunazoazima.

Lugha ya mama nayo huongeza yake. Kigikuyu hakina sauti l, Dholuo haina sh. Aandikaye "road" akikusudia mzigo ndiye yule yule aandikaye "kura" akikusudia kula. Na mwenye kuandika "sip" badala ya "ship" hugeuza shindano kuwa sindano. Kosa ni moja, ila husahihishwa na kalamu mbili zisizojuana. Mwalimu wa Kiswahili aliyekwisha kufundisha vitate amefanya nusu ya kazi ya mwenzake bila kujua.

Ama "their" na "there", hapo tatizo ni jingine. Mtoto amezoea kwamba sauti moja huandikwa kwa namna moja. "Paa" ina maana kadhaa, lakini maandishi yake hayabadiliki. Aelezwe basi kwamba k ya "knife" ilitamkwa zamani, kwamba b ya "debt" ilipachikwa na wasomi waliotaka ifanane na Kilatini, na kwamba Caxton alianza kupiga chapa Uingereza mnamo 1476, matamshi yakaendelea kubadilika huku maandishi yakibaki nyuma. Maelezo hayo yana faida kuliko ile kanuni ya kutanguliza i mbele ya e, ambayo "weird" na "seize" huikaidi mchana kweupe.

Watakuwapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina nafasi katika kipindi cha Kiingereza. Hao ni warithi wa kile kibao cha aibu kilichovishwa shingoni mwa watoto waliothubutu kusema lugha zao.

Wenzetu waendao mazoezi ya kufundisha wangeweza kuanza na jambo dogo: wakae na mwalimu wa Kiingereza wa darasa hilo hilo, wafungue madaftari ya insha ya masomo yote mawili, na waandike orodha kutokana na makosa waliyoyaona humo.