Hizo tableti zitoke stoo

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, leo mtanisamehe. 2013 Jubilee waliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Kilichokuja 2016 ni tableti, tena za kubaki shuleni. Wale wa darasa la kwanza 2014 wameshafanya KCSE 2025, hawajaona laptopu.

Basi hizo tableti ziko wapi? Kwa shule ya mdogo wangu huku Nyamira ziko stoo, mlango wa chuma, kufuli mbili. Mwalimu mkuu anaogopa ikipotea moja ataulizwa yeye. Namwelewa, kusema kweli. Lakini mtoto akipewa kazi ya CBC, mama anatoa pesa ya ndizi alizouza Keroka, wanapanga laini saiba kuprinti picha.

Na msiniambie wataziharibu. Huyo mtoto ndiye humsomea nyanya yake meseji za M-Pesa!

Wazazi, mkutano ujao ulizeni funguo anazo nani. Kisha ulizeni kwa nini mtoto asibebe moja wikendi, kwa zamu, mzazi akitia sahihi.