Mwajiri Asijifiche Nyuma ya Bima ya Serikali



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA imeshika mahali pa NHIF, mfuko ulioanzishwa mwaka 1966. Kila mfanya kazi wa mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75. Yatupasa kusema kweli: kwa wenye mshahara mdogo kato hili si zito kuliko la zamani. Mwenye Sh. 20,000 alikuwa akilipa Sh. 750, sasa alipa Sh. 550. Aliyepandishiwa ni mwenye Sh. 100,000, kutoka Sh. 1,700 hadi Sh. 2,750.

Lalamiko letu ni lingine. Katika NSSF mwajiri hutoa sawa na mfanya kazi. Katika bima hii hatoi hata senti moja. Kazi yake ni kukata na kupeleka fedha zetu ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Tena sheria imemwachia mlango. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamwamuru mwajiri ahakikishe mfanya kazi mgonjwa anapata dawa, na ikiwezekana mganga, akizidiwa. Lakini kifungu hicho hicho chasema wajibu huo haupo ikiwa mfanya kazi anatibiwa chini ya bima iliyowekwa kwa sheria. Hivyo mwajiri aweza kufunga zahanati ya kampani na kutuambia, "Nendeni SHA."

Fikirini mkata miwa wa Awendo au Ndhiwa aliyeshikwa na homa kali usiku. Zahanati ya kampani ikiwapo, apata dawa saa ile ile. Ikifungwa, aanze kutafuta nauli ya kwenda Migori au Homa Bay. Bima yake haimlipii pikipiki.

Basi tufanyeje? Mlango huo twaweza kuufunga kwa mapatano. Zahanati, dawa na gari la wagonjwa viandikwe katika mkataba wa chama na mwajiri. Mkataba ukisajiliwa katika Mahakama ya Ajira, wamfunga mwajiri, bima iwepo isiwepo.

Na kila mwanachama, tarehe 9 ikipita, atazame kwa simu, *147#, kama fedha zake zimefika. Zisipofika, amwambie mwakilishi wake siku hiyo hiyo. Asingoje mpaka mtoto alazwe.

Bima ya serikali iwe nyongeza ya haki yetu, isiwe badala yake.