Kobalti ya Kongo, Makali ya Wengine

Tangu mwaka 1923, Karl Schröter wa Ujerumani alipoandikisha uvumbuzi wake wa kuchanganya unga wa kabidi ya tangsteni, ulio mgumu mno lakini mwepesi kuvunjika, na kobalti inayozishika chembe zake kama saruji ishikavyo kokoto, wakereza vyuma wamejaaliwa makali yasiyolegea hata yakiwa mekundu kwa moto. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Likasi, ilhali meno ya kerezo hutoka ng'ambo. Tangsteni nayo iko Rwanda. Laiti majirani hao wangepatana! Tanuri la digrii 1400 la kuokea mchanganyiko wa kabidi na kobalti si jambo sahali, nakiri. Lakini Kinshasa na ianze, walau, kusomesha mafundi wake.