Maoni Yetu: Kila shule itenge dakika kumi za kuandika

Mtahiniwa wa KCSE akiketi kufanya karatasi ya kwanza ya Kiswahili hupewa saa moja na dakika 45 aandike insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Kufikia siku hiyo ameandika insha nyingi, na karibu zote zilikuwa za kusahihishwa. Kuandika bila wino mwekundu kumsubiri ni jambo ambalo wanafunzi wengi humaliza shule bila kulionja. Tunataka hilo libadilike. Kila shule itenge dakika kumi kila siku ya masomo, mwalimu aandike kidokezo kimoja ubaoni, na wanafunzi waandike lolote linalowajia, bila alama.

Anayetaka kujua kwa nini tunalisema hili afungue daftari la insha lililo karibu naye. Jua litakuwa linachomoza kwa madaha, ndege watakuwa wakitumbuiza, mhusika atakuwa ameamka akiwa mwingi wa bashasha, na wahenga watakuwa wameshanena kabla aya ya kwanza haijakwisha. Mtoto aliyeandika hayo huenda aliamka saa kumi na moja mvua ikinyesha, akatembea kwenye matope hadi stendi, akafika darasani soksi zikiwa zimelowa. Hayo hayamo. Hatumlaumu. Amefundishwa kwamba misemo ile huleta alama, na mwalimu wake ana rundo la madaftari ya kusahihisha na silabasi ya kumaliza. Lakini mtoto anayeazima maneno mwaka baada ya mwaka hukua akiamini kwamba ya kwake hayafai kuandikwa.

Njia tunayoipendekeza si ngeni. Mwalimu Mmarekani Peter Elbow aliieleza mwaka 1973 katika kitabu chake Writing Without Teachers. Elbow aliijua shida ya kuandika, maana yeye mwenyewe aliwahi kukwama kuandika hadi akaacha masomo ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Masharti yake ni machache: andika mfululizo kwa dakika kumi hivi, usisimame, usifute, usirudi kusoma ulichoandika. Ukiishiwa, andika kwamba umeishiwa, uendelee hivyo mpaka neno jingine lije. Kutunga ni kazi moja na kusahihisha ni nyingine. Anayezifanya zote mbili kwa wakati mmoja huandika neno, akalitilia shaka, akalifuta, na muda ukaisha ukurasa ukiwa na sentensi moja tu.

Hata hivyo, kumwambia mtoto aandike chochote ni kumwacha njiani. Ukurasa mtupu huwatisha hata waliobobea. Ndiyo maana kidokezo kinahitajika, tena kiwe kidogo na cha kushikika. Mwambie mwanafunzi wa gredi ya sita aandike kuhusu umuhimu wa maji, naye atakuandikia kwamba maji ni uhai. Mwambie aandike kuhusu ndoo ya maji iliyo jikoni kwao, uone. Ataandika kwamba mkono wa ndoo ulikatika ukafungwa waya, kwamba waya huo humkata vidole akitoka kisimani, kwamba kaka yake hunywea kikombe kile kile cha kutekea na mama humgombeza kila siku. Huenda akafika mahali akaandika kwamba ndoo hiyo ilikuwa ya nyanya, na nyanya hayupo tena. Hakuna aliyemwagiza afike huko. Vidokezo vya aina hii haviishi: sauti ya kwanza niliyoisikia leo, kitu ambacho nyumbani kwetu watoto hawaruhusiwi kukigusa, mtu ninayemwona kila siku bila kumjua jina.

Waswahili wanajua tangu zamani nguvu ya kuanzishiwa. Malenga mmoja hutoa swali kwa shairi, wenzake wakamjibu kwa vina na mizani ile ile. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliyapa nafasi mashairi ya wasomaji wake, na malumbano ya namna hiyo hayajakoma. Swali la mtu mmoja huwashikisha kalamu wengi ambao siku hiyo wasingeandika.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliianza hotuba yake ya Nobel kwa kukumbuka kipindi cha kuandika hadithi shuleni. Alisema alikingojea kwa hamu kuliko kipindi kingine chochote. Darasa lilinyamaza, kila mtoto akainamia dawati lake. Hakuwa na ujumbe maalumu wa kutoa, wala msomaji mwingine zaidi ya mwalimu aliyewapa zoezi. Aliandika kwa sababu aliambiwa aandike, na kwa sababu alipata raha. Hatudai kwamba kila mtoto atakuwa Gurnah. Tunachosema ni kwamba kipindi kile kiliwekwa na mwalimu kwenye ratiba, na mwalimu yeyote anaweza kukiweka.

Walimu watauliza makosa ya sarufi yatarekebishwa lini. Yatarekebishwa katika kipindi cha insha, ambacho kitabaki palepale. Kila baada ya majuma mawili mwanafunzi achague kipande kimoja alichokipenda, akiandike upya, akisahihishe, kisha akiwasilishe. Hapo ngeli, hijai na uakifishi vipewe haki yake yote. Katika zile dakika kumi, Sheng ikija ije, na neno la Kiluo au la Kikamba lije pia kama ndilo lililo karibu. Mtoto atatafuta la Kiswahili siku ya kuandika upya, akiwa tayari anajua anachotaka kusema.

Watauliza pia kazi hii yote itafanywa na nani. Zoezi lenyewe haliongezi hata daftari moja kwenye rundo la kila siku, na halihitaji zaidi ya kalamu, chaki na daftari la kawaida. Tunamwomba mwalimu jambo moja tu: naye aandike, ameketi mbele yao, kwa masharti yale yale. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake anahangaikia ukurasa ataamini kwamba kuandika ni kazi ya watu wote.

Kuna jambo linalotaka uangalifu. Mtoto aliyepewa uhuru anaweza kuandika habari za kipigo, njaa au kuguswa vibaya. Daftari hili ni lake. Lisisomwe kwa sauti bila hiari yake, wala lisipekuliwe ili aadhibiwe. Wanafunzi waelezwe tangu siku ya kwanza kwamba anayetaka mwalimu asome akunje pembe ya ukurasa, na kwamba mwalimu akikuta humo mtoto anaumizwa hatanyamaza. Mwalimu wa ushauri nasaha ahusishwe kabla zoezi halijaanza, asiitwe baada ya mambo kuharibika.

Faida yake haiishii kwenye fasihi. Kijana anayeweza kuyaweka mawazo yake kwenye karatasi bila hofu ataandika barua ya kuomba kazi, malalamishi kwa ofisi ya kaunti au kumbukumbu za mkutano wa chama bila kumlipa mtu amwandikie. Kiswahili nacho kinamhitaji. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, huwatunuku waandishi wa Kiswahili, na ni fahari kwetu kuwa nayo. Lakini tuzo humkuta mwandishi mswada ukiwa umeshakamilika. Mazoea yanayozaa mswada huanza miaka mingi nyuma, na shule ndipo mahali ambapo mtoto wa tajiri na wa maskini wanaweza kuyapata sawa.

Hakuna haja ya kungoja waraka kutoka wizarani. Mwalimu mkuu anaweza kuamua sasa: dakika kumi baada ya gwaride la asubuhi au kabla ya chakula cha mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muhula mzima. Siku za mwanzo wengi wataandika kwamba hawana la kuandika. Awavumilie, kwa maana mazoea hujengwa kwa kurudiwa, zikiwemo siku ambazo ukurasa hautoi kitu. Muhula ukiisha, wanafunzi wanaopenda wamwonyeshe kurasa zao za kwanza na za mwisho, naye apime mwenyewe kama kuna kilichobadilika. Wazazi nao wasiisubiri shule. Baada ya chajio, simu zikiwa zimewekwa kando, mzazi na mwanawe waandike kwa dakika kumi juu ya kidokezo kimoja, kila mtu na daftari lake.